Kinu cha Mont Amba: Historia ya Kituo cha Nyuklia cha Kinshasa na Funzo Lake kwa Afrika Mashariki



Wengi wakisikia mada ya nyuklia huiona ni ya Hiroshima au Chernobyl, ya watu wa mbali. Mada ya leo ni ya bara letu. Kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika hakikuwashwa Misri wala Afrika Kusini. Kiliwashwa Kinshasa, mji ulioitwa Léopoldville wakati huo, tarehe 6 Juni 1959. Hakikujengwa kwa ajili ya kuzalisha umeme, wala hakikuwa cha jeshi. Kilikuwa cha chuo kikuu, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kufundisha.

Nimeichagua historia hii kwa sababu nchi zetu sasa zinazungumzia vinu. Kenya inapanga kituo cha umeme wa nyuklia, na Uganda vilevile. Rwanda ilitia saini makubaliano na Urusi mwaka 2019 ya kujenga kituo cha sayansi na teknolojia ya nyuklia. Tanzania ina akiba kubwa ya urani katika eneo la Mto Mkuju, wilayani Namtumbo. Katika mazungumzo hayo yote husikika megawati, mikopo na majina ya makampuni. Ni nadra kusikia nani atafundishwa, na jirani wa kinu ataelezwa nini, na nani.

Hoja yangu ni hii: kituo cha nyuklia hupimwa kwa watu kinaowafundisha na kwa ukweli kinaowaeleza wanaoishi karibu nacho. Mashine ni ya tatu. Kinshasa inatufundisha hivyo kwa mafanikio yake na kwa machungu yake.

Mawe ya Shinkolobwe

Historia ya kituo cha Kinshasa inaanzia kusini, Katanga, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya migodi na kingali lugha ya mitaa. Mwaka 1915 urani iligunduliwa Shinkolobwe, karibu na mji unaoitwa leo Likasi. Kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière du Haut-Katanga ilianza kuichimba mwaka 1921. Haikuitafuta urani yenyewe. Ilitafuta radiamu iliyomo ndani ya mawe yale, kwa kuwa radiamu ilikuwa na bei kubwa hospitalini na maabarani. Mawe yalipelekwa Olen, Ubelgiji, yakachenjuliwa huko. Urani ilikuwa karibu sawa na makapi.

Mambo yaligeuka wanasayansi wa Ulaya walipogundua mwishoni mwa mwaka 1938 kwamba kiini cha atomi ya urani huweza kupasuliwa. Tarehe 2 Agosti 1939 Albert Einstein alitia saini barua kwa Rais Roosevelt wa Marekani, na barua hiyo ilitaja Kongo ya Wabelgiji kuwa chimbuko muhimu kuliko yote la urani. Mwaka uliofuata Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière, alisafirisha takriban tani 1,200 za mawe ya Shinkolobwe hadi New York, yakahifadhiwa ghalani Staten Island. Septemba 1942 ofisa wa jeshi la Marekani, Luteni Kanali Kenneth Nichols, aliingia ofisini kwa Sengier kuulizia urani, akaondoka na makubaliano ya kuyanunua mawe yale yote.

Katika migodi mingi duniani, jiwe lenye asilimia moja ya urani ni jiwe zuri. Mzigo ule wa Staten Island ulikuwa na oksidi ya urani kiasi cha asilimia 65. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani katika mradi wake wa bomu ilitoka katika shimo lile moja la Katanga. Jeshi la Marekani likasaidia kuufungua upya mgodi, na ukaendelea kutoa mawe chini ya ulinzi na usiri mkubwa. Wachimbaji waliokuwa wakiyachambua kwa mikono hawakuambiwa mawe yanakwenda wapi, yanafanya kazi gani, wala yanaweza kuudhuru mwili namna gani.

Nawaomba mliweke akilini jambo hili la kutoambiwa. Ndilo deni la kwanza katika historia ya nyuklia ya Afrika, na bado halijalipwa.

Kinu kilichobuniwa kwa ajili ya darasa

Tarehe 8 Desemba 1953 Rais Eisenhower wa Marekani alihutubia Umoja wa Mataifa na kupendekeza elimu ya atomu itumike kwa amani na isambazwe kwa mataifa. Hotuba ile ilikuwa na siasa zake, maana Marekani na Umoja wa Kisovieti zilikuwa zikishindania marafiki. Hata hivyo iliwafungulia milango wanafunzi na watafiti ambao wasingeipata elimu hiyo kwa njia nyingine. Mwaka 1957 likaundwa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA.

Kukawa na haja ya kinu kidogo ambacho chuo kinaweza kukimudu. Mwaka 1956, mjini San Diego, kampuni ya General Atomic iliwakusanya wanasayansi katika jengo la shule lililokuwa halitumiki. Miongoni mwao walikuwa Edward Teller na Freeman Dyson. Teller alitaka kinu ambacho usalama wake hautegemei uhodari wa anayekiendesha, kinu ambacho hata wanafunzi wa sekondari wakikichezea hakitawadhuru.

Namna walivyofanya inafaa kuelezwa, maana ndiyo iliyowezesha kinu kuwekwa katikati ya chuo. Kiini cha urani kinapopigwa na nyutroni hupasuka, kikatoa joto pamoja na nyutroni nyingine, nazo zikaenda kupasua viini vingine. Nyutroni hupasua vizuri zaidi zikiwa zimepunguzwa mwendo. Katika vinu vingi vya kawaida kazi hiyo hufanywa na maji yanayoizunguka fueli. Wabunifu wale waliichanganya urani na zirkoni na haidrojeni ndani ya kijiti kimoja cha fueli. Kijiti kikipata joto, haidrojeni iliyomo hupata joto papo hapo, na badala ya kuzipunguza nyutroni mwendo huziongezea kasi. Upasukaji hupungua wenyewe kabla ya mtu yeyote kugusa kitufe.

Kinu cha kwanza cha aina hiyo, kilichoitwa TRIGA, kiliwaka San Diego tarehe 3 Mei 1958. Baadaye vilijengwa zaidi ya 60 katika nchi zaidi ya 20. Kimoja kati ya vile vya mwanzo kabisa kilikuja Kongo.

Lovanium, 1954 hadi 1972

Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 juu ya kilima cha Mont Amba, kusini mwa Léopoldville, kikiwa mtoto wa Chuo Kikuu Katoliki cha Leuven. Mkuu wake, Luc Gillon, alikuwa padri, tena mtaalamu wa fizikia ya nyuklia aliyesoma Princeton. Alitaka chuo cha Afrika kiwe na maabara zinazoweza kusimama mbele ya maabara za Ulaya bila aibu, na aliifahamu dunia ya atomu vya kutosha kujua amwombe nani. Ubelgiji nayo ilikuwa na uzito mbele ya Marekani kwa sababu ya urani ya Katanga.

Tutazame kalenda ya wakati ule. Tarehe 4 Januari 1959 Léopoldville ililipuka kwa maandamano na risasi, na siku chache baadaye Ubelgiji ikakiri kwamba Kongo itapata uhuru. Miezi mitano baada ya damu ile, kinu kikawashwa juu ya kilima. Kiliitwa TRICO, yaani TRIGA ya Kongo. Nguvu yake ilikuwa kilowati 50. Fueli yake ilikaa chini kabisa ya tangi refu la maji lililozamishwa ardhini, nayo maji yalifanya kazi mbili, kupoza na kuzuia mionzi.

Wakati wa uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye shahada za chuo kikuu walihesabika kwa makumi machache tu. Nchi kubwa kama Ulaya Magharibi ilikuwa na kinu cha nyuklia, na haikuwa na wahandisi wake wa kukiendesha. Mkoloni alikuwa amechimba urani karibu miaka arobaini bila kusomesha Wakongo wa kutosha waielewe.

Ndipo kazi ya kituo ilipoanza kuonekana. Wakati nchi inapasuka, Katanga inajitenga na wataalamu wa Kibelgiji wanarejea kwao, vijana wa Kongo waliingia katika maabara ya Mont Amba wakajifunza. Walijifunza kupima mionzi na kujikinga nayo. Walijifunza kutengeneza isotopu za hospitali na za utafiti wa kilimo. Walijifunza kupima udongo na madini kwa kuyapitisha kwenye nyutroni, njia inayoonyesha hata kiasi kidogo mno cha elementi iliyojificha ndani ya sampuli. Kati ya waliokuzwa na mazingira hayo alikuwa mhandisi Félix Malu wa Kalenga, Mkongo aliyekuja kukiongoza kituo kwa miaka mingi na kuheshimika kimataifa.

Hayo ni mafanikio, na tuyaseme hivyo bila kusitasita. Mahali palipojengwa na mkoloni kwa heshima yake palichukuliwa na wenyeji pakawa pao. Mwishoni mwa miaka ya 1960, chini ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wazo lilikuwa kwamba Kinshasa ihudumie bara zima. Kituo kikapata hadhi ya kituo cha kanda cha masomo ya nyuklia. Kinu cha kwanza kilizimwa mwaka 1970 ili kipishe kikubwa zaidi, na tarehe 24 Machi 1972 kikawashwa TRICO II chenye nguvu ya megawati moja, mara ishirini ya kile cha awali. Kwa muda mfupi, kijana wa Afrika mwenye hamu ya sayansi ya atomi aliweza kuota Kinshasa kama alivyoota Paris au Moscow.

Miaka ya kupungukiwa

Ndugu zangu, kituo cha aina hii hakifi kwa kishindo. Hufa kwa bajeti iliyocheleweshwa, kwa kipuri kisichonunuliwa, kwa mwalimu anayeondoka bila kuacha mrithi.

Mwaka 1971 Serikali ya Rais Mobutu iliiunganisha Lovanium na vyuo vingine kuwa chuo kimoja cha taifa, baada ya miaka ya mapambano na wanafunzi ambamo vijana waliuawa kwa risasi na wengine kuingizwa jeshini kwa nguvu. Bei ya shaba ikaanguka katikati ya miaka hiyo ya 1970, na hazina ya taifa ikaanguka nayo. Katika miaka ya 1990 ikaja misukosuko ya kisiasa, uporaji, kisha vita. Watumishi wa kituo walibaki na kinu cha kulinda, na mishahara isiyotosha kuendesha nyumba.

Katika miaka ya 1970 vijiti viwili vya fueli vilitoweka kituoni. Kimoja kilikamatwa Italia mwaka 1998, mikononi mwa wahalifu waliokuwa wakikitafutia mnunuzi. Cha pili hakijapatikana. Kijiti kimoja hakiwezi kutengeneza bomu, na ni vema tuseme hivyo ili tusitie watu hofu ya bure. Lakini kinaweza kumdhuru mtu asiyejua alichoshika, na kupotea kwake ni ushahidi kwamba daftari la kuhesabu mali halikuwa mikononi mwa mtu aliyelipwa na kulindwa inavyostahili. Aidha, mvua za Kinshasa huchimba makorongo katika udongo wa kichanga wa vilima vile, na makorongo yamekisogelea kituo. Wenyeji wa Kinshasa wanayajua vizuri, maana yamekwisha kumeza nyumba na barabara.

Mwaka 2004 ncha mbili za historia hii zilikutana. Juu ya Mont Amba, TRICO II kikazimwa, na tangu hapo hakijafanya kazi. Katanga, Januari mwaka huohuo, rais wa nchi alitoa amri ya kuufunga mgodi wa Shinkolobwe, ambako maelfu ya wachimbaji wadogo walikuwa wakitafuta kobalti katika ardhi ileile yenye urani. Amri haikutosha. Julai sehemu ya mgodi iliporomoka na kuua watu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliofika baadaye waliona hatari ya mashimo kuporomoka, na pia hatari ya wachimbaji kukaa muda mrefu katika mionzi.

Fikirini umbali kati ya mahali hapo pawili. Nchi ilikuwa na watu waliosoma mionzi kwa miaka arobaini na mitano, na ilikuwa na wachimbaji waliolala, kula na kuoga juu ya mawe ya urani. Elimu ya Mont Amba haikuwa imewafikia watu wa Shinkolobwe. Ilibaki kwa Kifaransa, ndani ya uzio, kwenye ripoti. Mchimbaji wa Katanga anayezungumza Kiswahili alipaswa kuambiwa kwa Kiswahili: usilale juu ya mawe haya, usile bila kunawa, usipeleke vumbi hili nyumbani kwa watoto.

Tuna methali isemayo: asiyejua maana haambiwi maana. Katika mambo ya nyuklia, methali hii tuikatae. Asiyejua ndiye wa kwanza kuambiwa, kwa sababu ndiye wa kwanza kuumia.

Tulichokwisha kufanya

Kuna wanaoamini kwamba sayansi ya nyuklia ni ya nchi kubwa tu, na sisi tutabaki wauza mawe. Jibu langu ni Unguja.

Kwa vizazi vingi ng'ombe wa Unguja walisumbuliwa na nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Tanzania, wakishirikiana na IAEA, walifuga mbung'o kwa wingi katika taasisi ya utafiti iliyoko Tanga. Madume yalipigwa mionzi ya gama kwa kipimo kinachoondoa uwezo wa kuzaa bila kuondoa uwezo wa kuruka na kujamiiana. Kisha yakapelekwa kwa ndege ndogo na kuachiwa angani, wiki baada ya wiki, zaidi ya milioni nane kwa jumla. Jike la mbung'o kwa kawaida hujamiiana mara moja tu maishani. Likikutana na dume tasa, uzao wake umekwisha. Mbung'o wa mwisho wa porini alikamatwa Septemba 1996, na tangu hapo kisiwa kimebaki bila mdudu huyo. Wafugaji wakaweza kufuga ng'ombe bora, na maziwa yakaongezeka.

Kazi hiyo haikuhitaji kinu. Ilihitaji chanzo kidogo cha mionzi kilichofungwa vizuri, watu waliojua kipimo, watu wenye subira ya kulea wadudu, na wananchi walioelezwa kwa nini ndege inawamwagia mbung'o zaidi badala ya kuwaua. Hebu fikirini kijiji kisichoelezwa kingepokeaje jambo hilo! Ushindi wa Unguja ulikuwa wa maabara, na ulikuwa pia wa mafunzo na taarifa.

Tunachopaswa kufanya

Natoka katika historia, naingia katika wajibu wetu.

La kwanza: watu watangulie mashine. Nchi inayotaka kinu ianze kusomesha mapema mafundi, wapimaji wa mionzi, wanasheria na wauguzi, wala isiishie kwa wahandisi wachache waliopelekwa ng'ambo. Tuna Taasisi ya Saratani Ocean Road, tuna Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, tuna vyuo vikuu. Kila mtaalamu wa tiba ya mionzi tunayemfundisha leo anaokoa wagonjwa leo, hata kama kinu hakitajengwa kamwe. Nchi ikiishia kuamua kwamba nyuklia haiifai, watu hao ndio watakaoweza kulisema hilo kwa hoja.

La pili: bajeti ya matunzo iandikwe kabla ya jiwe la msingi kuwekwa. Kinu cha utafiti huishi miaka arobaini, hamsini na zaidi. Mfadhili huishi miaka mitano. Kijiji kilichojengewa kisima cha pampu na mradi uliokwisha kuondoka kinajua ninachosema. Na kwa kinu, pampu ikikwama huwezi kuiacha na kurudi mtoni, maana fueli inaendelea kuhitaji maji, uzio, mlinzi na mhesabu mali hata baada ya kinu kuzimwa.

La tatu, ambalo kwangu lina uzito kuliko yote: kila kituo cha mafunzo kiwe pia kituo cha taarifa. Wakazi wa Uyombo, Kilifi, walipopinga mpango wa kujenga kituo cha nyuklia pwani yao, wapo waliowaita wajinga. Mimi naona walikuwa wakidai kile ambacho wachimbaji wa Shinkolobwe walinyimwa: kujua, na kuulizwa, kabla ya uamuzi kupita. Mvuvi anayeuliza maji ya moto yatamwagwa wapi ameuliza swali la kisayansi. Ajibiwe kisayansi, kwa lugha yake, na mtu asiye na hisa katika jibu. Watu wa Namtumbo nao wana haki ya kuonyeshwa vipimo vya maji yao ya kunywa kabla mgodi haujaanza, na kila mwaka baada ya hapo, vibandikwe penye ofisi ya kijiji.

Hapa Kiswahili kina kazi kubwa. Tunaweza kueleza mionzi kwa lugha hii, na mnisamehe nikisema kwamba mmekuwa mkiisikia ikielezwa hivyo tangu nianze kuzungumza. Vitabu vya shule, vipindi vya redio, mabango ya mgodini na fomu za hospitali viandikwe hivyo, kuanzia Likasi hadi Lamu.

La nne: tushirikiane. Wazo la miaka ya 1960, kwamba kituo kimoja kihudumie nchi nyingi, lilikuwa wazo sahihi lililokosa fedha na amani. Hakuna sababu ya kila nchi ya Afrika Mashariki kujijengea kinu chake kidogo cha utafiti na kuhangaika nacho peke yake. Mkataba wa Pelindaba, ulioanza kutumika mwaka 2009, tayari umelifanya bara letu kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Msingi wa kuaminiana upo. Sasa Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hivyo historia ya Mont Amba imeingia nyumbani kwetu kwa haki. Wazee waliokiendesha kile kinu, na walioteseka kukilinda wakati mishahara haikuja, wanajua mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha muuza vinu. Waalikwe Arusha, Nairobi na Kampala wawafundishe vijana wetu wangali na nguvu, na jumuiya ichangie gharama ya kuilinda fueli iliyopo Kinshasa hadi uamuzi wa mwisho juu ya kinu kile utakapofanyika.

Ninyi wanafunzi mlio hapa, wapo kati yenu watakaokwenda kusomea fani hii. Mtakapokabidhiwa maabara, ulizeni kwanza maswali ambayo Lovanium haikupewa nafasi ya kuyajibu: nani atatufuata sisi, fedha za mwaka wa thelathini zitatoka wapi, na jirani yetu aliye nje ya uzio anajua nini kuhusu kazi yetu. Anayekataa kuyajibu maswali hayo msimsaidie kujenga.